Mshauri wa maombi ya chuo Marekani: nani anamlipa, na aguse nini kwenye faili lako

Marekani hakuna chombo kimoja kinachopanga wanafunzi vyuoni kwa alama, kama KUCCPS inavyofanya Kenya. Kila chuo kina kamati yake, na kamati husoma faili zima: matokeo, insha, shughuli zako nje ya darasa, barua za walimu, na kwa vyuo vingi hata uwezo wa familia kulipa. Harvard hupokea waombaji chini ya 5 kwa kila 100, na wengi wa wanaokataliwa wana alama za juu kabisa. Shule nyingi za huko zina mtu ambaye kazi yake ni kumwongoza mwanafunzi hatua kwa hatua. Shule zetu nyingi hazina, na hapo ndipo mshauri wa nje anapohitajika.

Kabla ya kumuuliza amepeleka wanafunzi wangapi, muulize nani anamlipa. Wapo wasiokutoza chochote: EducationUSA, mtandao wa ushauri wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, na kwa Wakenya kuna KenSAP na Zawadi Africa (huu wa pili ni wa wasichana), ambazo huchagua wanafunzi wachache kwa mchujo mkali. Wapo wanaolipwa na familia. Kisha kuna mawakala wanaolipwa na chuo chenyewe. Sheria ya Marekani inakataza vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kumlipa mtu kwa kila mwanafunzi aliyemleta, lakini katazo hilo haliwahusu wanafunzi wa kigeni walioko nje ya nchi. Kwa hiyo wakala anayekuambia huduma yake ni ya bure anaweza kuwa anasema kweli, ila atakusukuma kwenye vyuo vyenye mkataba naye, na hivyo kwa kawaida si vile vinavyogharamia masomo yote. Kama familia yako inaweza kulipa ada, huenda akakufaa. Kama haiwezi, atakupotezea mwaka.

Suala la fedha ndilo linaloharibu maombi mengi, na mshauri mzuri hulianza siku ya kwanza. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin havitazami uwezo wako wa kulipa vinapoamua kukupokea, hata ukiwa mgeni. Karibu vyuo vingine vyote vinautazama. Kuna washauri wanaomwambia mwanafunzi ajaze kwamba haombi msaada ili nafasi yake ipande, halafu aombe akishafika. Usithubutu. Vyuo vingi havimpi mgeni msaada katika miaka yote ya masomo kama hakuuomba pamoja na maombi ya kujiunga. Matokeo yake ni barua ya kukubaliwa yenye bili ya makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka.

Fomu ya fedha inayotumika sana ni CSS Profile: dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachofuata. Ukishindwa kulipa, kiandikie chuo barua pepe kuomba msamaha wa ada hiyo. Baadhi hutoa, na vingine hupokea fomu ya ISFAA isiyolipiwa. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni mzazi mkulima kuandikwa kipato sifuri. Msomaji wa faili atajiuliza: ada ya bweni ililipwa na nani? Andika thamani ya mavuno ya mwaka, mifugo, biashara ndogo ya mama, na kama mjomba ndiye aliyekuwa akilipa ada, mtaje. Barua ya mtendaji wa kijiji au ya chifu yenye mhuri husaidia mahali ambapo hakuna hati ya mshahara.

Kuhusu ratiba, Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi kwa fomu moja, hufunguliwa kwa msimu mpya tarehe 1 Agosti. Maombi ya mapema hufungwa karibu na tarehe 1 au 15 Novemba, ya kawaida kati ya 1 na 15 Januari. KCSE inaangukia hapo hapo, ndiyo maana Wakenya wengi huomba mwaka unaofuata mtihani, na mwaka huo hauwaharibii kitu mradi waeleze walichofanya. Mhitimu wa kidato cha sita Tanzania hupata matokeo Julai, wakati mzuri kabisa, ila kambi ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria inaweza kumla wiki nyingi za maandalizi. Maandalizi ya SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, yaanze kabla ya hapo. Mtihani sasa ni wa kompyuta, saa 2 na dakika 14, na mazoezi rasmi ya bure yako kwenye programu ya Bluebook na Khan Academy. Harvard, MIT na Brown vimerudisha sharti la mtihani. Pasipoti itangulie yote, kwa sababu majina kwenye maombi yafuate pasipoti. Cheti kikiwa na majina tofauti, andaa hati ya kiapo mapema.

Sasa mipaka. Kwenye insha kuu, yenye maneno 250 hadi 650, kazi ya mshauri ni kuuliza. Mwanafunzi akileta sentensi kama "Tangu utotoni nina ndoto ya kuwa daktari", mshauri anayejua kazi humuuliza: siku gani hasa uliingia wodini? Ulibeba nini? Nani alikuamrisha utoke? Majibu ndiyo yanayokuwa insha. Mshauri akikurudishia insha iliyoandikwa upya kwa Kiingereza cha mtu wa miaka 45, ikatae. Common App inakutaka uthibitishe kwamba kazi ni yako, na inahesabu maandishi ya akili bandia yaliyowasilishwa kama yako kuwa udanganyifu.

Sehemu ya shughuli ina nafasi 10, na maelezo ya kila moja hayazidi herufi 150, nafasi zikihesabiwa. Hapo mshauri anaweza kukusaidia sana. "Nilikuwa kiongozi wa klabu ya hesabu, nikajifunza uongozi na ushirikiano" haisemi kitu. "Nilifundisha hesabu wanafunzi 14 wa kidato cha pili kila Jumamosi, nilitunga maswali 60 ya mazoezi" inasema yote, na nafasi inabaki. Kazi za nyumbani zihesabiwe pia: kuchota maji, kulea wadogo, kuuza dukani. Kisha jumlisha saa za wiki ulizoandika. Mwanafunzi wa bweni mwenye prepu kila usiku hawezi kuwa na saa 50 za vilabu, na msomaji analijua hilo.

Barua za walimu ni za walimu. Desturi ya mwanafunzi kujiandikia barua na mwalimu kuweka jina tu inawaumiza wengi, kwa sababu insha na barua mbili zikizungumza kwa sauti moja hubainika. Mpe mwalimu wiki sita na ukurasa mmoja wa kumkumbusha: mada uliyohangaika nayo, mradi, swali ulilowahi kuuliza darasani. Kiungo cha kuwasilisha barua humfikia kwa barua pepe, kwa hiyo hakikisha anaifungua na aangalie hata kwenye taka. Fomu ya shule huijaza mwalimu mkuu au makamu wake, na mara nyingi inabidi mtu akae naye mbele ya kompyuta.

Anwani ya barua pepe na nywila vibaki mikononi mwako. Wapo mawakala wanaomfungulia mwanafunzi anwani wanayoishika wao, na chuo kikiuliza hati iliyokosekana, mwenye faili hajui. Lipa kwa awamu, kila awamu ikiwa na kazi iliyotajwa kwa maandishi. Anayeahidi nafasi, au anayesema ana mtu wake ndani, mwache. Rick Singer wa California aliuza njia za aina hiyo, na Januari 2023 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu.

Common App hufuata saa za mahali alipo mwombaji, lakini umeme na mtandao haviifuati. Tuma siku mbili kabla, pakua nakala ya PDF, kisha ingia kwenye lango la kila chuo baada ya siku chache kuona ni hati gani bado imeandikwa haijafika.