Tumbo Linakaza Kila Jioni, na Mimba Ina Wiki 27

SWALI: Shikamoo, Bibi Mkunga. Nina mimba ya wiki 27. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa kwa wiki 31, akawekwa kwenye mashine ya joto, nami kwa siku nyingi nikawa namtazama kupitia kioo tu. Wiki hii tumbo limeanza kukaza jioni, mara mbili au tatu, kisha linaachia. Mama mkwe ananishauri nilale kitandani mpaka nijifungue, na anasema ikiwa ni kuzaa mapema basi afadhali mwezi wa saba, kwa kuwa mtoto wa mwezi wa nane haishi. Nitajuaje kwamba huu ni uchungu, na nifanye nini?
Msomaji, Korogwe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la miezi, kwa sababu ndilo linaloweza kukuchelewesha. Imani hiyo ni ya zamani, na wanaoisema huisema kwa mapenzi, lakini si kweli. Kila wiki ambayo mtoto anaongeza tumboni huyakomaza zaidi mapafu na ubongo wake na kumpa nguvu ya kunyonya, hivyo wa mwezi wa nane ana nafasi kubwa ya kuishi kuliko wa mwezi wa saba. Anayezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia ndiye tunayemwita njiti, na duniani takriban mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa hivyo.

Tumbo kukaza mara mbili tatu bila mpangilio, kisha likatulia ukipumzika, mara nyingi ni mji wa mimba unaojizoesha tu. Uchungu una mwendo wake. Weka kiganja juu ya tumbo: likikaza huwa gumu kama paji la uso, likiachia hulegea kama shavu. Kojoa, kunywa maji, lalia ubavu wa kushoto, na uandike saa kila linapoanza kukaza. Likikaza kila baada ya dakika 10 au chini ya hapo, lichukulie kuwa ni uchungu na uende hospitali upimwe mlango wa kizazi. Wewe uliyekwisha kuzaa njiti usihesabu kwa zaidi ya saa moja. Wako pia wanawake ambao uchungu wao hauanzii tumboni, bali huhisi kiuno kinauma na kuachia, maumivu kama ya hedhi, uzito unaosukuma chini, au ute uliobadilika ukawa mwingi, wa majimaji au wenye damu. Na chupa ikipasuka, hata kama ni matone tu yanayolowesha khanga, au ukitoka damu, ukapata homa, au mtoto akapunguza kucheza, usihesabu chochote; ondoka saa hiyo hiyo.

Ninakuharakisha kwa sababu msaada mkubwa uliopo unahitaji muda wa kufanya kazi. Kati ya wiki 24 na 34, mama anayetarajiwa kujifungua ndani ya siku chache huweza kuchomwa deksamethasoni, ambayo husaidia kukomaza mapafu ya mtoto: kwa kawaida miligramu 6 kila baada ya saa 12, mara nne. Utafiti uliofanywa katika nchi tano, Kenya ikiwamo, na kuchapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba sindano hizo hupunguza vifo vya watoto wachanga. Lakini mama akifika mtoto ameshaanza kutoka, hazimsaidii tena. Ndiyo maana nifedipini, dawa inayotuliza mikazo, hutolewa kwa saa 48 hivi: hainuiwi kuzuia uzazi hadi miezi tisa, inanunua muda wa sindano na wa kumfikisha mama kwenye hospitali yenye wodi ya njiti. Njiti husafiri salama zaidi akiwa bado tumboni kuliko akiwa kwenye gari la wagonjwa.

Kulala kitandani mfululizo hakujaonekana kuzuia uzazi wa mapema, na kunaweza kugandisha damu miguuni. Punguza kazi nzito, lakini tembea. Kinachofaa zaidi ni kwenda kliniki wiki hii, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, ueleze habari ya mtoto wa kwanza na uombe kupimwa mkojo na malaria, kwani maambukizi ya njia ya mkojo huchochea uchungu wa mapema hata kwa mama asiyehisi maumivu, nayo yanatibika. Hakikisha umri wa mimba umeandikwa sawasawa, maana daktari huutegemea kuamua juu ya sindano. Dawa za mitishamba za kutuliza tumbo usizinywe.

Kuhusu kile kioo, nimekielewa, na kinaniuma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ambao Tanzania ilishiriki, ulionyesha kwamba vifo vya njiti hupungua wanapowekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mapema tu baada ya kuzaliwa, hata kabla hali yao haijatulia kabisa. Kwa hiyo ikitokea umejifungua mapema, uliza siku hiyo hiyo utaanza lini kumbeba, na kwenye mfuko wako weka blauzi ya kufungua mbele, kofia ndogo ya mtoto na khanga mbili za kumfungia kifuani.