Kabla ya Kumpeleka Ndugu Yako Kwenye Makao ya Malezi

Mdogo wangu ana usonji (autism) na ulemavu wa kujifunza. Hasemi, na tangu awe mtu mzima anaishi kwenye makao ya malezi, yaani nyumba ambamo watu wenye ulemavu huishi wakihudumiwa. Wanaomtafutia ndugu yao mahali huniuliza waanze kuangalia nini. Huwa nawaambia waliache jengo kwanza. Sakafu inayong'aa na mapazia mapya hayatakuonyesha jambo ninaloliona kubwa kuliko yote: mtu asiyesema akianza kupiga kelele, kujipiga au kukataa chakula, wahudumu wake hujiuliza nini?

Kwenye makao ya kwanza hakuna aliyejiuliza chochote. Mdogo wangu alianza kujipiga ngumi shavuni, upande wa kulia, kila akimaliza kula. Kwenye daftari la zamu waliandika "vurugu", siku baada ya siku, kwa miandiko ya watu tofauti, kisha wakaomba aongezewe dawa ya kumtuliza. Mama aling'ang'ania apelekwe kwa daktari wa meno. Likakutwa jino la nyuma limeoza na fizi imetunga usaha. Lilipong'olewa na kidonda kupona, ngumi zikakoma. Shavu lilelile, wakati uleule, na bado hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili.

Kwa hiyo ukienda kutembelea makao, uliza wanajuaje kwamba mkazi asiyesema ana maumivu. Jibu la kweli huwa na mtu ndani yake: "Huyu akiumwa sikio huinamisha kichwa, yule huacha kucheka." Ukiambiwa tu kwamba wana utaratibu mzuri, omba mfano. Uliza pia kama wanaandika mkazi anapopata choo. Najua swali hilo linatia aibu kulitoa, lakini litoe. Kufunga choo ni tatizo la kawaida sana kwa watu wenye ulemavu wa kujifunza, dawa nyingine hulizidisha, na lisipotibiwa linaweza kuua.

Kuhusu dawa, simameni imara. Mwaka 2015 taasisi ya afya ya umma ya Uingereza ilikadiria kwamba kati ya watu wazima 30,000 na 35,000 wenye ulemavu wa kujifunza walikuwa wakipewa dawa za magonjwa ya akili au za sonona ilhali hawana ugonjwa unaotibiwa kwa dawa hizo. Mwaka uliofuata ikaanzishwa kampeni ya kupunguza matumizi hayo. Muulize daktari kila dawa ni ya nini, itapitiwa lini, na nini kilijaribiwa kabla yake. Ila usimwachishe dawa ghafla wewe mwenyewe. Dawa hizi hupunguzwa polepole chini ya usimamizi wa daktari.

Kama ndugu yako ana kifafa, uliza nani anakuwa naye anapooga. Connor Sparrowhawk, kijana wa miaka 18 mwenye usonji na kifafa, alizama kwenye beseni la kuogea mwaka 2013 baada ya kushikwa na kifafa, akiwa kwenye kituo cha matibabu Oxford, Uingereza, mahali penye wahudumu. Mama yake alikuwa ameshawaonya kuhusu kifafa chake. Uchunguzi wa kifo ulisema uzembe ulichangia.

Wala ada kubwa isikutie moyo kupita kiasi. Winterbourne View, hospitali binafsi karibu na Bristol, ilitoza wastani wa pauni 3,500 kwa wiki kwa kila mgonjwa. Mwaka 2011 kamera ya siri ya BBC ikaonyesha wahudumu wakiwapiga, wakiwaburuta na kuwadhihaki watu waliopaswa kuwalinda. Wahudumu 11 walitiwa hatiani. Kinachoniuma zaidi ni kwamba muuguzi aliyefanya kazi humo alikuwa ametoa taarifa mapema, hakusikilizwa.

Ndiyo maana nasema nenda jioni, nenda mwishoni mwa wiki, na ikiwezekana usiwaarifu kwamba unakuja. Mahali ambapo ndugu hawaruhusiwi kufika hadi chumbani, mimi nisingempeleka mtu wangu. Uliza wahudumu wamekaa muda gani, maana lugha ya mtu asiyesema hujifunzwa kwa miezi, na sura zikibadilika kila mara maarifa hayo hupotea nazo. Uliza atakaa na nani. Ibara ya 19 ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu watu wenye ulemavu inampa haki ya kuchagua aishi wapi na nani, na kwa mtu anayeumizwa na kelele, jirani wa chumba ni jambo zito kuliko fanicha yote.

Sasa mdogo wangu yuko kwingine. Asubuhi moja nilimkuta mhudumu ameweka mashati mawili kitandani, ameketi pembeni, kimya. Mdogo wangu akazunguka chumba, akaenda dirishani, akarudi. Mhudumu hakumharakisha wala hakumchagulia. Mwishowe mkono ukaenda kwenye shati la bluu. Nilitamani kila mzazi anayetafuta makao aone dakika zile.

Siku ya kuhamia mpeleke na karatasi moja, iandikwe na wanaomjua: anavyoonyesha maumivu, njaa na woga, kinachomtuliza, kinachomtisha, dawa na mzio wake. Nakala ibaki pia tayari kwa ajili ya hospitali. Na siku ukikuta mchubuko usio na maelezo, au ukaona anaanza kujikunyata mtu fulani akiingia, piga picha, andika tarehe na majina ya waliokuwa zamu, kisha peleka taarifa kwa mamlaka inayosimamia makao hayo siku hiyohiyo. Ukiona kuna hatari, usimwache humo usiku huo.