Kijana Amekushinda? Usimpeleke Porini, Nenda Naye

Hapa Tanga mzazi akishindwa na kijana wake, kawaida hufikiria mambo mawili: bweni la mbali, au shamba kwa bibi. Siku hizi naulizwa na la tatu, zile kambi za porini za kurekebisha vijana ambazo watu wameziona kwenye video za Marekani. Jibu langu ni kwamba msitu unasaidia kweli, ila mtoto asipelekwe kama mzigo. Aende na mtu wake.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1941 huko Wales, mwalimu Kurt Hahn na mwenye meli Lawrence Holt walianzisha shule ya Outward Bound ya kuwakomaza mabaharia vijana baharini na milimani. Holt aliamini kwamba meli zikizamishwa vitani, vijana walikata tamaa mapema kuliko wazee waliokwisha kupigwa na bahari. Miaka ya 1950 shule ya aina hiyo ikafunguliwa Loitokitok, Kenya, chini ya Kilimanjaro. Na pwani yetu ilikuwa na kumbi za jando zamani hizo zote, kila mwari na kungwi wake. Sisemi turudishe kila kilichofanyika kule kumbini, la hasha. Nasema kungwi alilala palepale na wari, na baada ya kutoka bado alikuwa mtu wao.

Marekani, hasa jimbo la Utah, mambo yaligeuka biashara. Wapo wazazi wanaokodi watu waje kumwamsha mtoto usiku wa manane na kumbeba hadi porini asikokujua. Malalamiko ya waliopitia huko yalizidi hadi Utah ikabana sheria mwaka 2021. Februari 2024 mtoto wa miaka 12 alifariki kambini North Carolina, siku moja tu baada ya kufika. Desemba mwaka huohuo ikasainiwa sheria ya nchi nzima kuhusu unyanyasaji wa watoto katika taasisi za namna hiyo. Kwa hiyo mtu akikuambia "niachie mimi, atarudi amenyooka", mwulize analala wapi, nani ana dawa, na kwa nini wewe huruhusiwi kuwepo.

Mimi nakwenda kwenye msitu wa hifadhi wa Amani, juu ya Muheza, na wapwa zangu pamoja na vijana wa mtaani kwetu Chumbageni ambao wazazi wao wameniomba. Mmoja wa wapwa alikuwa kidato cha pili, haongei nyumbani, shule anaingia akijisikia, na simu haimtoki mkononi kwa sababu ya kubeti. Mama yake alitaka nimpe kazi ngumu mpaka alie. Nilikataa. Nilimwuliza kijana kama anataka kwenda, nikamwacha afikiri, na alipokubali nikamkabidhi hela ya chakula cha safari nzima.

Dada yangu aliniona nimerukwa na akili. Mcheza kamari unampa hela! Lakini kijana aliyezoea kuambiwa hafai haamini maneno, anaangalia unamkabidhi nini. Sokoni Muheza alibishana bei za dagaa na unga kama mama lishe, akanunua machungwa mengi kupita kiasi, sukari akachukua kiduchu. Chai ikawa chungu mapema sana. Hakuna aliyemsema, na hilo tulikuwa tumekubaliana watu wazima kabla ya kuondoka. Mwishowe alijisema mwenyewe, akacheka, na usiku akawa anagawa machungwa kufidia.

Usiku wenyewe una mambo yake. Perere, yule mnyama mdogo wa msituni, akilia juu ya mti, asiyemjua anaweza kuapa kuna mtu anachinjwa, na pale mbabe wa kijiweni na mtoto mpole wanasogea kwenye moto sawasawa. Mchana mwongozaji alituonyesha mto Zigi, akasema maji haya ndiyo yanayoteremka hadi bwawa la Mabayani kisha kwenye mabomba ya Tanga. Mpwa wangu alibisha kilomita nzima. Nilifurahi, maana nyumbani hakuwa na hata nguvu ya kubisha.

Ila faida kubwa niliiona njiani. Njia za Amani ni nyembamba, mnakwenda mmoja nyuma ya mwingine, hakuna anayemtazama mwenzake machoni. Akiwa nyuma yangu akasema, "Mjomba, nadaiwa." Sikugeuka. Nikauliza, "Na nani?" Akamtaja dereva wa bodaboda, kisha mwingine, kisha kiasi. Sebuleni, baba amekaa kwenye kochi na mama amesimama mlangoni, maneno hayo yasingetoka.

Tuliporudi tulikwenda wote kwa yule dereva, tukapanga malipo ya kidogo kidogo, na kijana akafanya kazi dukani kwangu Jumamosi hadi deni likaisha. Usipokuwa na mpango wa wiki zinazofuata, afadhali nauli uilipie ada.

Wapo wa kutopelekwa kabisa. Anayejikata, anayesema anataka kufa, anayesikia sauti, huyo ni wa hospitali. Hospitali ya Bombo hapa Tanga wapo madaktari. Aliyezama kwenye unga, yaani heroini, naye asipande mlima, arosto, yale mateso ya kuikosa, ikimshika msituni mtafanya nini? Huyo anahitaji tiba, ikiwemo methadoni kama daktari ataona inafaa. Na namba 116 ni ya bure, mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Kwa wengine, likizo ya Juni ndiyo nzuri, masika yanakuwa yamepungua na barabara ya kupanda kutoka Muheza haitelezi sana. Lipieni kiingilio cha hifadhi geti la Sigi, chukueni mwongozaji wa palepale, bebeni sweta na jiko lenu. Msikate kuni hifadhini. Wasichana waende na shangazi au mama mdogo wanayemwamini. Na simu zizimwe zote, kuanzia ya kwako.