Chupa au kikaango? Mimi naanza na lebo

Mhariri, wiki hii mmeuliza: sosi ya Kijapani ya teriyaki, ununue ya chupa au upike mwenyewe? Wengi watawajibu kwa ulimi. Sisi Waislamu tulioletwa Japani na biashara ya magari yaliyotumika tunageuza chupa nyuma kwanza kutafuta pombe, hata bei hatujaitazama. Teriyaki ya kawaida ni sosi ya soya, sukari, sake na mirini. Sake ni pombe ya mchele, hilo halina mjadala. Mirini nayo, mvinyo wa mchele wa kupikia, ile halisi ina kilevi asilimia 14 hivi, japo ni tamu utadhani shira. Msiniambie moto unakimaliza, unakipunguza tu. Hata soya yenyewe mara nyingi huongezewa kilevi ili isiharibike, na herufi mbili za Kijapani zinazokitaja kwenye lebo nilizikariri kabla sijajua kuandika jina la mtaa wangu.

Kwa hiyo jibu langu lilikuwa jepesi: pika mwenyewe, ujue ulichotia.

Aliyenifundisha ni bibi jirani yetu hapa Chiba. Ilikuwa majira ya baridi, wakati buri ananona. Ni samaki wa ukoo mmoja na kolekole wetu. Akaja na vipande vyake na chupa ya sake kwapani. Nikamwambia, "Bibi, samahani sana, nyumba hii pombe haiingii hata kwenye chungu." Hakununa. Aliirudisha chupa kwake, akavua viatu tena mlangoni, akaanza kufungua makabati yangu moja moja kama mkaguzi. Akatoa sukari, asali, siki ya mchele, tangawizi.

Samaki alimnyunyizia chumvi, akamwacha kidogo, akamfuta maji yaliyotoka, akampaka unga wa ngano kiduchu. Kikaangoni alitangulia upande wa ngozi. Alipoiva pande zote, bibi akayafuta mafuta yote kwa karatasi ya jikoni. Nilidhani ni usafi tu, kumbe mafuta yakibaki sosi haishiki. Ndipo akamimina soya, maji, sukari, asali na matone ya siki. Povu likawa dogo mwanzoni, kisha kubwa na zito, naye anachota kwa kijiko na kummwagia samaki juu, anachota, anamwagia, haongei. Samaki akang'aa.

Akaonja. "Rangi nzuri," akasema, "lakini shombo limebaki." Kazi ya kuliondoa ilikuwa ya sake. Akakwaruza tangawizi, akaikamua kwa vidole, akarudisha moto, akaonja tena, akatikisa kichwa kukubali, ingawa si kwa furaha kubwa. Mume wangu alikula kimya hadi akaomba wali wa pili.

Sasa naandika haya naona swali lenu lina kasoro. Jikoni siku ile hakukuwa na sosi mpaka samaki alipoiva. Ilizaliwa juu yake, ikaishia juu yake. Hiyo haiuzwi. Ile nzito ya chupa, yenye kitunguu saumu na ufuta, ni mtindo uliokomaa Marekani, na kazi yake ni nyingine: kuku wa kuchoma, watoto wana njaa, mama ametoka kazini saa moja usiku. Kwa kazi hiyo siwezi kuibeza, na siku hizi zipo zenye nembo ya halali.

Basi kura yangu, baada ya maneno yote haya, iandikeni chupa. Yenye nembo, na kwa kuku tu. Kwa samaki msinihesabu upande huo. Na wewe usiye na tatizo na mirini, huna udhuru: soya, mirini na sake sawa kwa sawa, sukari pungufu kidogo, dakika chache tu. Labda soya yako iwe ile ya bei rahisi isiyochachushwa, maji ya chumvi yenye rangi. Hapo hata kwa samaki, nunua chupa.