Usiseme "sweet" kwa kila kilicho kitamu: Kiingereza cha chakula kwa wanaohudumia wageni

Mgeni akishika menyu akakuuliza samaki wa kupaka ni chakula gani, nawe ukamjibu "very delicious, madam", bado hujamwambia kitu. Mtaa mzima anaambiwa hivyo hivyo. Yeye anataka kujua akitia mdomoni atakutana na nini: kuna nazi? Kinawasha? Nyama yake laini au ya kutafuna? Nimehudumia wageni Mji Mkongwe kwa miaka mingi, na siku hizi nawafundisha vijana wanaoanza kazi. Siku ya kwanza nawaambia jambo moja: jifunzeni maneno kupitia sahani mnazozibeba, msikariri orodha.

Tuanze na linaloleta tabu kuliko yote, sweet. Kwetu pilau ni tamu, samaki ni mtamu, na chai ikikolea sukari nayo ni tamu. Kwa mgeni sweet ya chakula ni sukari tu. Mwambie mchuzi wa pweza ni sweet, ataona pweza aliyetiwa sukari, ataagiza chipsi. Sweet iachie halua, kaimati na vitumbua. Chakula cha chumvi na viungo ni savoury, linatamkwa "seivari", na utalihitaji kila jioni mtu akinyoosha kidole kwenye kachori na sambusa akiuliza ni za namna gani.

Delicious lina "sana" ndani yake tayari, ndiyo maana "very delicious" haimkai vizuri sikioni mwenye lugha yake. Sema "really delicious" au "absolutely delicious". Very ipeleke kwa tasty: "very tasty" ni sawa kabisa. Tasteful si ya chakula, ni ya mavazi na mapambo. Edible na palatable zinaonekana kama sifa ukizikuta kwenye kamusi, lakini edible ni kwamba kinalika bila kudhuru, na palatable ni kwamba kinapita tu. Mpishi wako akisikia umemsifu kwa edible, ana haki ya kununa. Yummy ni la watoto na marafiki. Mgeni akilisema furahi naye, wewe baki na tasty.

Sasa spicy, na hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo mauzo mengi yanapopotelea. Mgeni anauliza: "Is the pilau spicy?" Kijana anafikiria bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, anajibu kwa fahari "Yes, very spicy!" Mgeni anafunga menyu. Alichouliza ni kama kinawasha. Pilau yetu ina viungo tele na haiwashi, kwa hiyo jibu la kweli ni: "It's full of spices, but it's not hot. It's very fragrant." Fragrant na aromatic ni maneno ya harufu nzuri ya viungo, nami naona hakuna mji unaoyastahili kuliko huu wa karafuu. Hot nayo ina pande mbili, moto wa jikoni na ukali wa pilipili, basi chakula kinachowasha kiseme kwa ukamilifu: "It's hot, there's a lot of chilli in it." Ukishasema hivyo, anayependa pilipili ataagiza bila wasiwasi na asiyependa atakushukuru.

Baada ya ladha, ulaini na ugumu. Nyama iliyoiva vizuri usiiite soft, iite tender. Mshikaki wenye maji yake ndani ni juicy. Wali uliochambuka punje kwa punje ni fluffy. Mkate wa kumimina uliotoka vizuri, wenye unyevunyevu wa tui, ni moist. Kachumbari ni fresh na crunchy. Sambusa iliyotoka mafutani sasa hivi ni crispy. Mchuzi wa tui zito ni creamy, na chakula chenye nazi au samli nyingi ni rich. Hiyo rich ni sifa, ila heavy si sifa.

Urojo ndio mtihani, na ndio ninaowapa vijana wangu. Watie kijiko, wale polepole, waseme wanachokiona. Uji wake wa embe na ndimu una uchachu unaosisimua: huo ni tangy. Usiseme sour peke yake, maana mgeni anaweza kudhani kimeharibika. Kisha viazi ni soft, bhajia inakolea supu, na chipsi za muhogo juu zinalia mdomoni, crunchy. Kijana aliyeweza kuueleza urojo hawezi kushindwa na sahani nyingine. Samaki wa kupaka atamweleza hivi, pole pole, bila kutafuta maneno makubwa: "It's fish grilled over charcoal, with a creamy coconut sauce. A bit smoky, a bit tangy from the lime." Maneno mepesi yote, na mgeni ameshaanza kumeza mate.

Msikilize na yeye anavyosifu. Mwingereza akisema "not bad at all" amekipenda. Moreish, ambalo Waingereza hulitumia sana, ni cha kukufanya utake kuongeza, basi mletee kingine. Lakini akisema "interesting" huku sahani iko nusu, sogea umuulize kwa upole kama angependa kitu kingine.

Neno moja liwe na ulinzi: nutty. Ni sifa nzuri kwa ladha ya ufuta kwenye mkate wetu, lakini wapo wageni ambao karanga, korosho, na hata ufuta wenyewe, huwavimbisha koo na kuwaziba pumzi. Ukilitamka, taja palepale kilichomo na kisichomo. Kama huna hakika, mwambie "Let me check with the kitchen", uende ukaulize kabla hajaagiza.