Chanzo cha ushoga: niliyoyasikia kuhusu mdogo wangu

Mkuu, umeuliza ushoga unatokana na nini: malezi, bweni au wazungu. Mdogo wangu wa kiume yuko hivyo, na majibu yote hayo nimeyasikia sebuleni kwetu, Tanga.

Walianza na malezi. Baba alifariki tukiwa wadogo, shangazi zetu wakasema mtoto kalelewa na wanawake watupu, anashinda jikoni. Lakini kaka yetu mkubwa kalelewa na mama huyo huyo, na leo ana mke na watoto wanne. Ikawa kaharibiwa bweni. Hajawahi kulala bweni hata siku moja! Wakahamia kwenye jini: kapendwa na jini wa kike, hataki aoe.

Hapo na mimi nina lawama. Nilimpeleka mwenyewe kwa mwalimu wa kutibu majini, akiwa na miaka 17. Kombe, yaani aya za Kurani, likaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, likasuuzwa kwa marashi, akanywa siku saba. Siku ya mwisho alinirudishia kikombe akaniuliza, "Dada, nikimaliza hili kuna lingine?" Yalikuwepo mengine.

Hili la wazungu silikubali. Bara wanasema ni mambo ya pwani, sisi wa pwani tunasema ni wazungu au Waarabu, kila mtu anamsonta jirani. Neno hanithi, la kumwita mwanaume wa namna hiyo, limo kwenye Kiswahili tangu enzi za mabibi. Walicholeta Waingereza ni sheria ya kuwafunga.

Wataalamu nao hawana chanzo kimoja. Shirika la Afya Duniani liliuondoa ushoga kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990. Utafiti wa mwaka 2019, uliohusisha karibu watu nusu milioni, haukukuta jeni moja (chembe ya urithi) inayoamua. Ziko nyingi, kila moja na mchango mdogo, na mambo mengine yanachangia pia.

Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza mwenyewe. Nilikuja kumuuliza mimi, ameshafika miaka 30. Akasema hakuna aliyemgusa wala kumfundisha. Alijijua tangu shule ya msingi, akanyamaza kwa hofu.

Nikamweleza mama, nikidhani atapumua. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kama ni kwa sababu alikuwa akimwachia akune nazi.