"Elfu tano" ya betri si sawa kwa kila simu

Ukimuuliza muuzaji wa simu pale Kariakoo kuhusu betri, jibu huwa ni moja: "Hii elfu tano hii bosi, unakaa nayo siku mbili." Ya laki mbili na nusu ni elfu tano, ya milioni na ushee nayo elfu tano. Sasa kama zote ni elfu tano, kwa nini moja inafika usiku ikiwa na asilimia 40, na nyingine saa kumi tu mwenye nayo ameshaanza kuulizia chaja?

Mimi hutembea na simu mbili, na nyumbani kuna nyingine, kwa hiyo kulinganisha chaji nakufanya hata bila kukusudia. Ile namba ya mAh, yaani hiyo "elfu tano", inakwambia betri imebeba kiasi gani. Simu inakula kiasi gani, hilo haisemi. Betri ya BL-5C iliyotumika kwenye vitochi vingi vya Nokia ilikuwa na mAh 1,000 na kidogo tu, na watu walikaa nayo siku kadhaa bila kugusa chaja. iPhone 13 ina mAh 3,200 na ushee. Mke wangu anayo, na jioni mara nyingi tunakuwa tumebakiwa na chaji sawa, mimi na Android yangu ya mAh 5,000.

Tofauti kubwa iko kwenye chipu, ule ubongo wa simu. Kadiri ilivyotengenezwa kwa teknolojia mpya, ndivyo inavyofanya kazi ileile kwa umeme mdogo. Teknolojia hiyo hutajwa kwa nanomita, na namba ikiwa ndogo ndiyo mpya zaidi. Chipu ya Helio G85, iliyojaa kwenye simu za bei nafuu, ni ya nanomita 12. Helio G99 ni ya nanomita 6. Ukikuta simu mbili za bei inayokaribiana, zote elfu tano, moja ina G85 na nyingine G99, chukua ya G99 na usihangaike tena kusoma boksi.

Baada ya chipu ni kioo. Kioo cha LCD kina taa nyuma inayowaka muda wote, hata picha ikiwa nyeusi tii. Cha AMOLED kila nukta inajiwashia yenyewe, na nyeusi maana yake imezima. Kwa hiyo mandhari meusi (dark mode) yanasaidia kwenye AMOLED. Kwenye LCD ni urembo. Hata kwenye AMOLED usitegemee miujiza: watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipima mwaka 2021 wakakuta ukiweka mandhari meusi mwanga ukiwa asilimia 100 unaokoa wastani wa asilimia 39 hadi 47 ya chaji, lakini mwanga ukiwa wa kawaida, asilimia 30 hadi 50, unaokoa asilimia 3 hadi 9 tu. Kushusha mwanga wenyewe ndiko kunakolipa. Na kama kioo chako ni cha Hz 120, yaani kinajichora upya mara 120 kwa sekunde, kirudishe 60 siku ambayo chaja iko mbali.

Lakini kwa ninavyoona mimi, kinachoongoza kwa kula chaji huku kwetu ni mtandao hafifu. Simu nayo inatuma mawimbi kwenda mnarani. Mnara ukiwa karibu inatumia nguvu kidogo, ukiwa mbali inaongeza nguvu, na nguvu hiyo inatoka kwenye betri. Mtandao ukikosekana kabisa, inatafuta, inapumzika kidogo, inatafuta tena. Panda basi la Iringa uone. Dar mpaka Morogoro chaji inashuka kistaarabu. Mkiingia Mikumi, kile kipande cha kama kilomita 50 kinachokatiza hifadhini, mtandao unaanza kucheza: 4G, H, E, mara hakuna. Ukigusa mfuko wa suruali unahisi joto, na simu wewe hujaitoa tangu Chalinze. Mkifika Ruaha Mbuyuni, wachuuzi wamejaa dirishani na vitunguu vyao, unatoa simu umwambie mtu wa nyumbani umefika wapi, unakuta asilimia 30. Na mlima Kitonga bado.

Siku hizi nikipita Morogoro naweka hali ya ndegeni. Nyimbo na video nilizopakua zinaendelea kama kawaida, na anayenitafuta atanipata Iringa. Kama unasubiri simu ya maana na huwezi kuzima kila kitu, zima data, halafu izime na ile laini ya pili ambayo mtandao wake haushiki njia hiyo. Laini mbili maana yake ni kutafuta minara mara mbili. Hata mjini, kama ofisi yako iko ndani kabisa ya jengo la zege na 4G inakuja na kupotea, funga simu ibaki 3G. Hii ndiyo sababu watu wawili wenye simu ileile hubishana, mmoja anaisifu, mwenzake anailaani. Waulize kwanza wanakaa wapi.

Joto nalo. Apple inashauri iPhone itumike kwenye nyuzijoto 0 hadi 35, na inaonya kwamba zaidi ya hapo betri inaweza kupungua uwezo na usirudi tena. Dar mwezi wa pili, kivulini tu, tunakaribia hapo. Mwangalie dereva wa bodaboda wa kwenye apu saa nane mchana: simu imefungwa kwenye usukani, jua la utosi, mwanga umepandishwa mpaka mwisho, ramani imewashwa, data imewashwa, na waya wa chaja umechomekwa kutoka kwenye betri ya pikipiki. Kila kitu kinachotoa joto kipo hapo kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kioo kinajififisha chenyewe na chaji inagoma kupanda. Ndugu yangu, chajia kijiweni kwenye kivuli, kava ukiwa umelivua. Na wewe unayechaji chini ya mto usimcheke.

Tabia ya kufungua ile orodha ya apu na kuzifuta moja moja haisaidii. Mwaka 2016 Craig Federighi wa Apple na Hiroshi Lockheimer aliyekuwa akiongoza Android wote walilisema hilo. Bora uingie Mipangilio, sehemu ya Betri, uone apu gani imekula zaidi, uibane hiyo peke yake.

Kuhusu pawabenki: ya mAh 10,000 haijazi simu ya 5,000 mara mbili. Namba hiyo inahesabiwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, wakati inatoa volti 5. Ukipiga hesabu, 10,000 inageuka 7,400, na hapo joto halijachukua chake. Utajaza mara moja na kidogo. Ukiuziwa ya "50,000" inayoenea kiganjani, mrudishie.

Mwisho, kwa wanaonunua simu used za Dubai. Betri inachoka kwa mizunguko, na mzunguko mmoja ni asilimia 100 zilizotumika kwa jumla, hata kama ni 50 leo na 50 kesho. Apple inasema betri za iPhone 14 na za kabla yake zimeundwa kubaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 500. Kuanzia iPhone 15 ni 1,000. Umoja wa Ulaya, tangu Juni 2025, unadai angalau 800 kwa simu mpya zinazoingia sokoni kwao. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, fungua afya ya betri. Simu ya miaka minne inayosoma asilimia 100 imebadilishwa betri, basi uliza imewekwa betri gani. Muuzaji akikujibu tu "ipo freshi kabisa bosi", toa bei ya betri mpya kwenye ofa yako, ndipo muendelee kuongea.